Waziri wa Mambo ya Nje anatuhusu nini sisi wa Kaniha?



Ndugu wasomaji, katika likizo iliyopita sisi mafrateri wawili tulikuwa Kaniha, wilayani Biharamulo. Jumapili moja baada ya ibada tulikaa chini ya mti na waamini wachache, redio ndogo ikiwa inasoma taarifa ya habari. Mtangazaji akasema kwamba Waziri wa Mambo ya Nje amekutana na mwenzake wa nchi fulani na wamekubaliana kuimarisha ushirikiano. Mama mmoja, mtu mzima wa jumuiya yetu, akatugeukia: "Wanangu mafrateri, ninyi mnasoma. Huyu waziri kila siku tunamsikia yuko safarini. Sisi wa Kaniha anatuhusu nini?"

Tulijibu haraka haraka kwamba anaiwakilisha nchi. Mama akatikisa kichwa, akanyamaza. Baadaye, watu walipokwisha kutawanyika, ndipo alipotueleza kilichokuwa moyoni. Binti yake alikwenda kufanya kazi za ndani katika nchi mojawapo ya Ghuba. Mwanzoni alikuwa akipiga simu kila wiki. Sasa ilikuwa miezi minne bila neno. Mama hakujua jina la mwajiri, wala hakuwa na nakala ya pasi ya binti yake. Aliyempeleka binti alikuwa mtu aliyefika kijijini na maneno mazuri, na simu yake sasa haipatikani.

Tuliona aibu kwa jibu letu la haraka. Makala hii ni jaribio la kulijibu swali la mama yule vizuri zaidi. Tutaeleza kazi ya Waziri wa Mambo ya Nje katika sehemu zake tatu, yaani diplomasia, biashara na huduma kwa raia. Mifano yetu tutaichukua zaidi hapa hapa mpakani, kwa sababu wilaya za Ngara na Biharamulo zimeonja matunda ya kazi hiyo, matamu na machungu, kuliko sehemu nyingi za nchi yetu.

Waziri huyu ni nani?

Jina kamili la wizara yake ni Wizara ya Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki. Waziri huteuliwa na Rais, na kwa Katiba yetu lazima awe mbunge. Hili la ubunge si dogo. Maana yake ni kwamba mbunge wetu anaweza kusimama bungeni na kumwuliza swali, naye akawajibika kujibu. Vilevile Katiba inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba ya kimataifa ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Kwa hiyo waziri hatii saini kwa niaba yake mwenyewe. Nyuma ya kalamu yake yupo Rais, lipo Bunge, na nyuma ya Bunge tupo sisi tuliopiga kura.

Chini ya waziri wapo mabalozi. Balozi naye huteuliwa na Rais, kisha hupeleka hati zake za utambulisho kwa mkuu wa nchi anakokwenda. Kazi zake zimeandikwa katika Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 kuhusu mahusiano ya kibalozi: kuiwakilisha nchi yake, kulinda maslahi ya nchi na ya raia wake, kujadiliana na serikali ya huko, kufuatilia kwa njia halali mambo yanavyokwenda na kutoa taarifa nyumbani, na kukuza urafiki katika uchumi, utamaduni na sayansi. Ukiitazama orodha hiyo utaona kwamba zile sehemu tatu tulizotaja zimo zote.

Nchi yetu imekuwa na mawaziri wengi katika nafasi hii. Wawili kati yao, Benjamin Mkapa na Jakaya Kikwete, baadaye walikuwa Marais. Kikwete alikaa katika wizara hii miaka kumi, kuanzia 1995 hadi 2005, na miaka yake ya kwanza iligusa moja kwa moja ardhi ya Ngara.

Diplomasia: amani ya jirani ni usalama wetu

Sisi tunaoandika hatukuwa tumezaliwa mwaka 1994. Tunayoyajua tumesimuliwa na wazee wetu na tumeyasoma. Tarehe 4 Agosti 1993 serikali ya Rwanda na chama cha RPF walitia saini makubaliano ya amani mjini Arusha. Tanzania ndiyo iliyokuwa msuluhishi, na Balozi Ami Mpungwe alifanya kazi kubwa ya kuwaweka wahasimu katika meza moja. Tarehe 6 Aprili 1994 Rais Juvénal Habyarimana alihudhuria mkutano wa viongozi wa kanda mjini Dar es Salaam. Jioni ile, akirudi nyumbani, ndege yake ilitunguliwa Kigali. Mauaji ya kimbari yakaanza.

Tarehe 28 na 29 Aprili, katika muda wa saa ishirini na nne hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara. Benaco, mahali ambapo leo madereva wa malori wanasimama kula, pakawa mojawapo ya kambi kubwa za wakimbizi duniani kwa wakati ule. Wazee wanasimulia jinsi miti ilivyokwisha kwa kuni, jinsi maji yalivyogombewa, na jinsi watu walivyogawana mihogo na wageni wasiowajua. Waziri wa Mambo ya Nje wakati huo alikuwa Joseph Rwegasira.

Hapo ndipo tunapoona diplomasia ni nini. Mkataba ulipovunjika Kigali, gharama ilidaiwa Ngara. Serikali ililazimika kuzungumza kwa wakati mmoja na Umoja wa Mataifa na shirika lake la wakimbizi, UNHCR, na nchi wafadhili, na serikali mpya ya Rwanda, na wananchi wake waliokuwa wameelemewa. Machi 1995 ilifunga mpaka na Burundi kwa sababu mzigo ulikuwa umezidi. Desemba 1996 serikali na UNHCR walitangaza kwamba wakimbizi wa Rwanda warudi kwao kabla ya tarehe 31 ya mwezi huo. Karibu wote walirudi, lakini watetezi wa haki za binadamu walilalamika kwamba wengi walirudishwa kwa nguvu. Tunataja jambo hili kwa sababu si haki kuisifu diplomasia ya nchi yetu bila kukumbuka pia pale ilipolaumiwa.

Upande wa Burundi kazi ilikuwa ndefu zaidi. Baba wa Taifa, Mwalimu Julius Nyerere, aliongoza mazungumzo ya Warundi mjini Arusha hadi alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999. Nelson Mandela akaipokea kazi hiyo, na makubaliano yakatiwa saini tarehe 28 Agosti 2000. Tangu hapo, pole pole, kambi kama Lukole hapa Ngara zilianza kupungua watu na mwishowe zikafungwa. Burundi ilipoyumba tena mwaka 2015, Mkapa, akiwa tayari mstaafu, aliteuliwa mwaka uliofuata kuwasuluhisha Warundi.

Kwa hiyo tunaposikia redioni kwamba waziri "amekutana na mwenzake", tusidhani ni chai na picha tu. Katika eneo letu mkutano mmoja ukifanikiwa, au ukishindikana, unaweza kuamua kama mtoto wa Ngara atasoma darasani au kama darasa lake litageuzwa kuwa makazi ya wakimbizi.

Biashara: lori, gunia na cheti

Sehemu ya pili ya kazi ya waziri ni ile inayoitwa diplomasia ya uchumi. Sera ya Mambo ya Nje ya mwaka 2001 ndiyo iliyoiweka mbele. Kabla ya hapo nguvu kubwa ya nchi yetu ilikuwa katika ukombozi wa kusini mwa Afrika. Makoloni yalipokwisha kujikomboa na ubaguzi wa rangi kuanguka, serikali iliamua kwamba balozi aulizwe pia: umeleta soko gani, mwekezaji gani, watalii wangapi? Sera hiyo imefanyiwa mapitio, na toleo lake jipya lilizinduliwa Mei 2025.

Hapa kwetu diplomasia ya uchumi ina barabara yake. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda hupita Nyakanazi, Lusahunga na Nyakahura katika wilaya ya Biharamulo, yakaingia Ngara na kufika Benaco na Rusumo. Mengine hukata kwenda Kabanga, mpaka wa Burundi. Mama lishe wa Lusahunga, fundi wa matairi wa Nyakanazi na kijana wa Kaniha anayeuza mananasi kando ya barabara, wote wanakula kwa sababu Rwanda na Burundi zimekubali kupitisha mizigo yao kwetu. Hakuna aliyelazimisha nchi hizo. Zina njia nyingine ya kwenda Mombasa kupitia Uganda na Kenya. Wanapochagua Dar es Salaam ni kwa sababu ya bei, barabara na uhusiano mwema.

Rwanda na Burundi ziliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Jumuiya hiyo ndiyo inayohusika na maneno "Ushirikiano wa Afrika Mashariki" katika jina la wizara. Tangu hapo yamepatikana mambo mawili ambayo mfanyabiashara mdogo anapaswa kuyajua.

La kwanza ni kituo cha pamoja cha mpakani. Zamani lori au mtu alikaguliwa upande huu, akavuka daraja, akakaguliwa upya upande wa pili. Sasa Rusumo unasimama mara moja tu, katika upande wa nchi unayoingia, na maofisa wa nchi zote mbili wanakuhudumia hapo. Daraja jipya na kituo hicho vilijengwa kwa msaada wa Japani. Vilizinduliwa na Rais John Magufuli na Rais Paul Kagame tarehe 6 Aprili 2016. Ilikuwa miaka ishirini na miwili kamili tangu ndege ile itunguliwe.

La pili ni cheti rahisi cha uasili wa bidhaa. Mtu mwenye bidhaa zilizozalishwa Afrika Mashariki, zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, na ambazo thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, anaweza kupewa cheti hicho pale pale mpakani na asitozwe ushuru wa forodha. Hilo halimwondolei masharti mengine, kama vibali vya afya ya mimea au mifugo. Lakini wengi wanaopita njia za panya na gunia la maharage usiku, wakijihatarisha, wangeweza kupita mchana na karatasi mkononi. Hawajui tu.

Chini ya daraja hilo, katika maporomoko ya Mto Kagera, kuna tunda jingine: kituo cha umeme cha Rusumo chenye megawati 80, ambazo Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana sawa kwa sawa. Mto uliokuwa mpaka na njia ya wakimbizi sasa unawasha taa za nchi tatu. Jambo la namna hiyo haliwezekani bila miaka ya vikao ambavyo redio haina muda wa kuvisimulia.

Biashara nayo huleta ugomvi, na hapo waziri huitwa. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa madai ya sumukuvu. Baada ya siku chache zuio liliondolewa kwa masharti, lakini magari yaliendelea kukwama mpakani. Mwanzoni mwa Mei, Rais Samia Suluhu Hassan alikwenda Nairobi, waziri wake wa mambo ya nje akiwa Balozi Liberata Mulamula, na Rais Uhuru Kenyatta akaagiza mahindi yaliyokwama yashughulikiwe. Mkulima aliyekuwa akihofia gunia lake kuoza aliokolewa na mazungumzo.

Mwaka 2013: kazi tatu, kamba moja

Mpaka hapa mtu anaweza kufikiri kwamba diplomasia, biashara na huduma kwa raia ni idara tatu, kila moja na mlango wake. Mwaka 2013 ulitufundisha vingine.

Mwezi Mei mwaka huo, katika mkutano wa Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa, Rais Kikwete alishauri kwamba Rwanda, Kongo na Uganda zizungumze na makundi ya waasi yanayopigana nazo. Rwanda ilikasirika, kwa kuwa katika kundi la FDLR wamo watu wanaohusishwa na mauaji ya kimbari. Waziri wao wa mambo ya nje, Louise Mushikiwabo, aliukataa ushauri huo hadharani. Waziri wetu alikuwa Bernard Membe. Maneno makali yakaruka kwa wiki kadhaa.

Mwezi Julai Rais Kikwete, akiwa ziarani Kagera, alitoa wiki mbili kwa wahamiaji haramu kuondoka na kwa wenye silaha haramu kuzisalimisha. Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Serikali ilieleza kwamba sababu ni usalama, na sisi wa Biharamulo hatuwezi kukana kwamba ujambazi ulikuwepo. Mabasi yalikuwa yakisindikizwa na polisi wenye bunduki katika misitu yetu. Mwezi huo huo wa Septemba tozo ya barabara kwa malori ya Rwanda ikapanda kutoka dola 152 hadi dola 500, na wafanyabiashara wa Rwanda wakaanza kutazama njia ya Mombasa.

Hatusemi kwamba jambo moja lilizaa lingine. Tunasema tu kwamba yote yalianguka juu ya watu wale wale, katika miezi ile ile. Mhangaza wa Ngara anaongea lugha inayokaribiana sana na Kirundi na Kinyarwanda. Mtu kama huyo anathibitishaje uraia wake mbele ya askari asiyejua tofauti? Maelfu waliondoka kupitia Rusumo, na wengine kati yao walikuwa wameishi hapa miongo mingi, wakaacha wake au waume Watanzania na watoto. Mashirika ya haki za binadamu yalilalamika. Mwanzoni mwa Septemba Rais Kikwete na Rais Kagame walikutana Kampala, na polepole maneno yakapoa. Miaka mitatu baadaye ndipo daraja lilipozinduliwa.

Tazameni basi, ndugu wasomaji: neno lilisemwa Addis Ababa, lori likabadili njia, na mama wa familia akatenganishwa na mumewe katika kijiji ambacho Addis Ababa hawajawahi kukisikia. Ndiyo maana tunasema kazi hizi tatu ni kamba moja. Ukivuta ncha moja, nyingine inasogea.

Huduma kwa raia: mtoto wetu akiwa mbali

Sasa turudi kwa mama yetu wa Kaniha. Sehemu ya tatu ya kazi ya waziri ndiyo inayomhusu yeye zaidi, nayo ndiyo isiyojulikana zaidi.

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja. Pasi ya kusafiria haitolewi na Wizara ya Mambo ya Nje. Hutolewa na Idara ya Uhamiaji iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Mkataba wa kazi nje ya nchi hupitia kwa mawakala wenye leseni, chini ya usimamizi wa mamlaka za kazi na ajira. Lakini mtu akishatoka nje ya mipaka yetu, mlango wa kubisha ni ubalozi, na ubalozi ni mkono wa Waziri wa Mambo ya Nje.

Ubalozi unaweza kufanya nini? Unaweza kumpatia hati ya dharura ya kusafiria aliyepoteza pasi au aliyenyang'anywa na mwajiri. Unaweza kumtembelea aliyefungwa. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 unasema mtu akikamatwa ugenini ana haki ya kuomba ubalozi wake ujulishwe. Unaweza kuwatafuta ndugu, kusaidia taratibu za kurudisha mwili wa marehemu, na kuthibitisha nyaraka. Na yapo usiyoweza. Hauwezi kumtoa mtu gerezani kinyume cha sheria ya nchi ile, wala kulipa madeni yake, wala kuingia kwa nguvu katika nyumba ya mwajiri. Zaidi ya yote hauwezi kumsaidia mtu ambao haujui kwamba yupo.

Mwezi Aprili 2023, vita ilipolipuka Khartoum, Watanzania waliokuwa huko, wengi wao wanafunzi, waliondolewa kwa mabasi hadi Ethiopia na kurudishwa nyumbani kwa ndege ya Air Tanzania. Waziri wakati ule alikuwa Dk. Stergomena Tax. Wazazi waliokuwa hawalali waliwakumbatia watoto wao uwanja wa ndege. Liliwezekana kwa sababu orodha ya majina ilipatikana, na kwa sababu Ethiopia ilikubali kufungua njia. Hapo huduma kwa raia iliegemea diplomasia iliyojengwa miaka mingi nyuma.

Miezi michache baadaye ilikuja huzuni. Vijana wawili Watanzania waliokuwa wamekwenda Israel kujifunza kilimo waliuawa katika shambulio la tarehe 7 Oktoba 2023. Mmoja alirudishwa na kuzikwa nyumbani Novemba mwaka huo. Wa pili familia yake ilisubiri bila kujua, hadi Desemba serikali ilipothibitisha kwamba naye alikuwa ameuawa. Mwili wake ulibaki Gaza, ukaja kupatikana Novemba 2025, baada ya miaka miwili. Tunafikiri kwamba katika kazi zote za Waziri wa Mambo ya Nje hakuna iliyo nzito kama kumpigia simu baba wa mtoto namna hiyo.

Busara, na mfano wa Kanisa

Darasani tunafundishwa na Mtakatifu Thomas wa Akwino kwamba busara ina hatua tatu: kutafuta shauri, kuamua, na kutekeleza. Pia anafundisha kwamba ipo busara ya mtu binafsi na ipo busara ya anayeongoza jamii, ambayo shabaha yake ni manufaa ya wote. Tukisoma hayo katika kitabu huwa tunayaona makavu. Tukimfikiria waziri huyu yanapata mwili. Mabalozi wake wanampa shauri, yeye anapima, kisha anasema au ananyamaza. Na neno lake likikosea, anayeumia si yeye. Ndiyo maana tunadhani kipimo cha kazi yake si idadi ya safari, bali ni mtu mdogo aliye mbali kabisa na meza ile: je, yupo salama zaidi leo kuliko jana?

Kanisa nalo linaifahamu kazi hii. Tanzania na Kiti Kitakatifu zina uhusiano wa kibalozi tangu mwaka 1968, na Balozi wa Papa anaishi Dar es Salaam. Mtoto wa Kagera, Askofu Mkuu Novatus Rugambwa, alikuwa balozi wa Papa katika nchi kadhaa, zikiwemo Angola, Honduras na New Zealand. Kiti Kitakatifu hakina jeshi la kupigana wala shehena za kuuza, lakini kinakaa mezani kwa ajili ya amani na kwa ajili ya watu. Hilo linatukumbusha sisi tunaojiandaa kwa upadre kwamba diplomasia si mambo ya wanasiasa peke yao.

Tulichokifanya, na tunachoweza kufanya

Mama yule tulimsaidia hivi. Tuliwaomba wanajumuiya wakumbuke kila walichokijua. Mdogo wake binti alikuwa na picha katika simu yake, binti ameshika pasi siku alipoipokea, na ukiikuza unasoma namba. Mwalimu mmoja alitusaidia kuandika barua yenye jina, namba ya pasi, tarehe ya kusafiri na namba ya simu ya mama. Ikatumwa kwa barua pepe ubalozini, nakala wizarani. Jibu la kwanza lilichukua wiki mbili, nasi tulianza kukata tamaa. Mwezi wa pili binti alipatikana. Ni mzima. Simu alikuwa amenyang'anywa, na mshahara wa miezi kadhaa hajalipwa. Tunapoandika haya bado hajarudi, shauri lake linaendelea. Lakini mama amesikia sauti yake.

Kutokana na hayo tunazipendekezea jumuiya zetu ndogo ndogo mambo manne. La kwanza, kijana yeyote anayesafiri kikazi aache nyumbani nakala ya pasi, ya mkataba, na jina na anwani ya mwajiri. La pili, kabla ya kumpa mtu fedha, familia iulize kama wakala ana leseni, na asiyetaka kuulizwa asipewe mtoto. La tatu, msafiri akifika ajiandikishe ubalozini, na familia iwe na namba ya ubalozi huo. La nne, mbunge wetu akija, pamoja na kumwuliza habari za maji na barabara, tumwulize pia: mpakani pana shida hii, na watoto wetu walio nje wana shida hii, umempelekea waziri?

Nasi mafrateri tumejifunza kutojibu haraka. Mama akituuliza tena tutamwambia hivi: Waziri wa Mambo ya Nje anakuhusu, kwa sababu binti yako yuko nje, gunia lako linakwenda nje, na ugomvi wa nje uliwahi kuja kulala katika shamba lako. Naye anahitaji kusikia kutoka kwako, kama wewe unavyomsikia redioni.

Tunawatakia amani ya Kristo.